Jina, Mwenye Jina na Mwenye Saraka: Historia ya Kubadili Majina Yaliyolindwa, kutoka Mwambao wa Ziwa Mweru hadi Mstari wa Amri wa Linux

Ikisiri

Makala hii inachunguza swali moja katika mazingira mawili: nani ana ruhusa ya kubadili jina? Mazingira ya kwanza ni mwambao wa Ziwa Mweru, hususan eneo la Nchelenge na bonde la Luapula nchini Zambia, ambako majina ya vyeo yamerithiwa kwa karne kadhaa. Ya pili ni mfumo wa Linux, ambao mafaili yake ya msingi hayabadilishwi jina ila kwa mamlaka maalumu. Hoja yetu ni kwamba katika mazingira yote mawili ruhusa ya kubadili jina haitokani na kumiliki kitu kinachoitwa, bali na kumiliki orodha ambamo jina limeandikwa. Istilahi za Kiswahili za kompyuta, kama zinavyotumika sasa, huificha tofauti hiyo. Makala inapendekeza namna ya kuidhihirisha.

1.0 Utangulizi

Mji wa Nchelenge uko ufukweni mashariki mwa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula. Ng'ambo ya pili ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya mawasiliano mapana; upande wa Zambia nafasi hiyo imeshikwa na Kibemba. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wanaovuka ziwa hulazimika kuwa na lugha zote mbili kinywani. Msamiati wa lugha hizo unashabihiana katika mambo ya msingi. Tunachokiita jina, Kibemba hukiita ishina. Tunayemwita mwenye, Kibemba humwita mwine. Maneno hayo ni ya asili moja ya Kibantu, na ndiyo mihimili miwili ya makala hii: jina na mwenye.

Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Zambia na Kongo zote ni wanachama. Kwa mintarafu hiyo, istilahi tunazounda Dar es Salaam au Nairobi zinatarajiwa sasa kuwafaa wasomaji wa maeneo kama Nchelenge pia. Ni vema basi tujiulize iwapo historia ya maeneo hayo ina dhana zinazoweza kuziboresha istilahi zetu. Katika suala la kubadili jina, jibu letu ni kwamba inazo.

2.0 Majina ya kurithiwa katika bonde la Luapula

Utawala wa Mwata Kazembe ulianzishwa katika bonde la Luapula mnamo katikati ya karne ya 18 na Walunda waliotoka magharibi, kwa Mwata Yamvo. Kila mtawala aliyefuata alilichukua jina lilelile la Kazembe. Wanahistoria huwatofautisha kwa namba: Kazembe III, Kazembe VII, Kazembe XIV. Jina ni moja, wanaolishika hupita.

Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyefanya utafiti wake katika bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza kanuni mbili zinazohusiana. Ya kwanza ni urithi wa nafasi, yaani ukupyana kwa Kibemba: mtu anapofariki, mrithi wake huchukua jina lake pamoja na hadhi, haki na wajibu wake. Mrithi husimulia matendo ya mtangulizi wake kwa nafsi ya kwanza. Husema "nilivuka mto, nikajenga hapa" ingawa aliyevuka alikufa kabla yeye hajazaliwa. Kanuni ya pili ni ukoo wa kudumu. Ikiwa mshika jina fulani wa kale alikuwa mtoto wa mshika jina jingine, basi washika majina hayo wataendelea kuwa baba na mtoto vizazi vyote, hata kama kwa damu hawana udugu wowote, na hata kama "mtoto" wa leo ni mzee kuliko "baba" yake. Uhusiano umefungwa kwenye majina, wala haukufungwa kwenye watu.

Mwata Kazembe XIV Chinyanta Nankula aliacha kitabu cha historia kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichochapishwa mwaka 1951. Maana ya anwani hiyo ni "Wahenga Wangu na Watu Wangu". Kiambishi cha umilikaji cha nafsi ya kwanza katika anwani hiyo kinastahili kuzingatiwa, kwa maana anayesema "wangu" anasema akiwa ndani ya jina.

Mapokeo ya Nachituti yanatuonyesha upande wa pili wa kanuni hii. Kabla ya Walunda kufika, maji na ardhi ya ukanda huu vilikuwa chini ya Washila, ambao mkuu wao aliitwa Nkuba. Kwa mujibu wa mapokeo, Nkuba alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Nachituti akamwendea Kazembe kuomba kisasi, Nkuba akauawa, naye Nachituti akamkabidhi Kazembe nchi na maji. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kilichobeba jina la mwanamke huyo, amejadili kwa kina jinsi simulizi hili lilivyotumika kuhalalisha na kugawa mamlaka juu ya uvuvi. Kwetu jambo la msingi ni hili: ingawa mtu aliuawa, jina la Nkuba halikufutwa. Liliendelea kurithiwa, na mwenye jina hilo aliendelea kutambuliwa kuwa na haki juu ya ardhi na maji, huku Kazembe akiwa mwenye watu. Mshindi hakuweza kulifuta jina ambalo haki nyingine nyingi zililitegemea.

3.0 Waliobadili majina wakiwa nje ya orodha

Historia ya mwambao huu ina pia wageni walioleta orodha zao. Mwaka 1867 msafara wa Hamed bin Muhammed el Murjebi ulimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, mashariki ya ziwa. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, mfanyabiashara huyo anaeleza kwamba jina la Tippu Tip alipewa na wenyeji kwa sababu ya mlio wa bunduki zake. Wapo wanaolihusisha na kupepesa kwake macho. Vyovyote iwavyo, waliompa jina hilo hawakumwomba ruhusa. Waliliingiza katika kumbukumbu yao, na humo yeye hakuwa na mamlaka yoyote. Nyumbani alibaki Hamed bin Muhammed. Bara akawa Tippu Tip. Mtu mmoja aliandikwa katika orodha mbili, na hakuna jina lililolifuta lingine.

Novemba ya mwaka huohuo David Livingstone alifika ziwani, akaliandika kwa tahajia ya Moero, kisha akaenda hadi kwa Kazembe, ambako alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walikubaliana juu ya mpaka uliopita ziwani, Kisiwa cha Kilwa kikabaki upande wa Waingereza. Ramani zilizofuata zilijaa majina mapya. Mansa ikaandikwa Fort Rosebery, kwa heshima ya mwanasiasa wa Uingereza. Maporomoko ya Mambilima yakaandikwa Johnston Falls. Baada ya uhuru wa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, majina ya Mansa na Mambilima yakarejea katika ramani rasmi. Tunasema yakarejea katika ramani, kwa kuwa vinywani mwa watu hayakuwa yameondoka. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mamlaka ya kuandika katika orodha yake. Katika orodha ya wenyeji haikuwa nayo.

Kilwa inatupatia mfano wa tatu. Iko Kilwa Kisiwani katika pwani ya Tanzania. Iko Kilwa kisiwa cha Ziwa Mweru, kilichokuwa ngome ya mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Simba mwishoni mwa karne ya 19. Na iko Kilwa mji wa Kongo, unaotazamana na Nchelenge. Majina matatu yanayofanana, mahali patatu tofauti. Abiria anayepanda boti Nchelenge akisema anaenda Kilwa hulazimika kuulizwa: Kilwa ipi? Jina peke yake halitoshi. Lazima itajwe njia ya kulifikia.

4.0 Jina na kitu katika Unix na Linux

Mifano hii mitatu inatuandaa kuelewa uamuzi uliofanywa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani, walipoanza kuunda mfumo wa Unix mwaka 1969. Katika mfumo huo, ulioelezwa na waasisi wake katika makala mashuhuri ya mwaka 1974, faili halina jina ndani yake. Faili ni data pamoja na rekodi ya sifa zake: mwenyewe ni nani, ruhusa zake ni zipi, ukubwa wake ni kiasi gani. Rekodi hiyo huitwa ainodi, na hutambuliwa kwa namba. Jina limeandikwa mahali pengine, katika saraka. Saraka ni orodha ya majina, na mkabala wa kila jina pana namba ya ainodi. Katika Unix ya miaka ya 1970 kila ingizo la saraka lilichukua baiti 16: baiti 2 za namba na baiti 14 za jina. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilirithi muundo huo wa kifikra.

Matokeo yake ni manne, na kila moja lina mwangwi katika yale tuliyoyaona ziwani.

Kwanza, faili moja laweza kuwa na majina mawili katika saraka mbili, kama Hamed bin Muhammed na Tippu Tip. Kuliondoa jina moja hakuliondoi faili, maadamu jingine lipo.

Pili, jina moja laweza kuwa katika saraka tofauti na kutaja mafaili tofauti, kama Kilwa tatu. Ndiyo maana mfumo huhitaji njia kamili inayoanzia kwenye mzizi.

Tatu, kiungo laini hutaja jina tu, wala hakitaji ainodi. Yeyote atakayelishika jina hilo ndiye kiungo kitakayemfikia. Huu ni mfano wa karibu sana wa ukoo wa kudumu wa Luapula.

Nne, na hili ndilo kiini cha makala, kubadili jina la faili hakuligusi faili lenyewe. Kinachobadilishwa ni andiko katika saraka. Amri ya kubadili jina katika Linux ni mv, ambayo maana yake ya asili ni kuhamisha. Hapo awali Unix haikuwa na wito wa mfumo wa kubadili jina. Faili liliongezewa kwanza jina jipya katika saraka, kisha jina la zamani likaondolewa. Wito mmoja unaofanya kazi yote kwa pigo moja uliingia katika toleo la 4.2BSD mwaka 1983.

5.0 Nani ana ruhusa?

Kwa kuwa kubadili jina ni kuandika katika saraka, ruhusa inayotakiwa ni ile ya kuandika katika saraka. Ruhusa za faili lenyewe hazihusiki. Tuchukue mifano miwili. Chukulia kwamba ndani ya saraka yako ya nyumbani mna faili taarifa.txt linalomilikiwa na mtumiaji mkuu, nawe huruhusiwi kuandika ndani yake hata herufi moja. Ukiandika

mv taarifa.txt zamani.txt

jina litabadilika bila pingamizi, kwa sababu saraka ni yako. Kinyume chake, faili hosts lililomo katika saraka ya /etc haliwezi kubadilishwa jina na mtumiaji wa kawaida, hata angepewa ruhusa kamili ya kuandika ndani yake, kwa sababu saraka ya /etc ni ya mtumiaji mkuu. Huyo wa kawaida atahitaji mamlaka ya kuazima:

sudo mv /etc/hosts /etc/hosts.zamani

Programu ya sudo, ambayo asili yake ni mnamo mwaka 1980 katika chuo kikuu cha Buffalo, Marekani, humwezesha mtu kutekeleza amri moja kwa mamlaka ya mwingine.

Mfumo una vizuizi viwili zaidi. Saraka ya umma kama /tmp, ambamo kila mtu anaruhusiwa kuandika, huwekewa alama inayozuia mtu kubadili au kuondoa jina la faili la mwenzake. Hapo anayeruhusiwa ni mwenye faili, mwenye saraka au mtumiaji mkuu. Pili, faili laweza kupewa sifa ya kutobadilika kwa amri ya chattr +i. Likiwa na sifa hiyo, hata mtumiaji mkuu hawezi kulibadili jina mpaka aiondoe kwanza. Kizuizi hiki cha mwisho ndicho pekee kinachokaa kwenye faili lenyewe.

Kwa nini majina ya mfumo yalindwe hivi? Sababu ni ileile iliyolifanya jina la Nkuba lisifutike: vitu vingine vinalitegemea. Programu nyingi za Linux, mv na sudo zikiwemo, huitafuta maktaba ya msingi ya lugha C kwa jina lake, libc.so.6. Mtu akilibadili jina hilo, maktaba itabaki diskini, data zake zote zikiwa salama, lakini programu zinazoiita hazitaipata. Amri ya mv aliyoitumia kubadili jina haitaweza tena kuwashwa ili kulirudisha. Itambidi awashe kompyuta kwa diski nyingine ya uokoaji. Hakuna kilichofutwa, ila uhusiano wote umekatika.

Urithi wa jina nao upo. Faili la kumbukumbu za mfumo, syslog, hubadilishwa jina kwa vipindi likawa syslog.1, kisha faili jipya likafunguliwa na kupewa jina la syslog. Programu zinaendelea kulitumia jina lilelile pasipo kujali kwamba aliyelishika amebadilika. Lakini programu iliyokuwa imelifungua faili la zamani huendelea kuandika humo humo, kwa kuwa imeshika ainodi wala haikushika jina, mpaka ielekezwe kufungua upya.

6.0 Tatizo la istilahi

Jitihada za kuiswahilisha programu huria si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliofadhiliwa na shirika la maendeleo la Uswidi, ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice pamoja na orodha ya istilahi. Tunadaiwa shukrani kwa kazi hiyo. Hata hivyo, istilahi zilizozoeleka sasa, kama vile badilisha jina la faili, mmiliki wa faili na ruhusa imekataliwa, zimefuata sura ya nje ya tendo.

Kisarufi, kirai "jina la faili" hulifanya jina kuwa mali ya faili, kama mkono wa mtu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ruhusa ya kubadili jina la faili imekataliwa atakwenda kutazama ruhusa za faili. Atakuta ni zake, asielewe. Hatua ya pili mara nyingi huwa ni kutanguliza sudo mbele ya kila amri, maana amejifunza kwamba neno hilo hufungua kila mlango. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hapa kisu hicho kinaweza kuikata libc.so.6 pia. Ujumbe wa asili wa mv nao haumsaidii, kwa kuwa hutaja faili na hauitaji saraka iliyokataa. Mfasiri anayeufuata neno kwa neno huyahamisha na mapungufu yake.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, maelezo ya tendo hili katika vitabu na kamusi yaseme kwamba kubadili jina ni kuandika upya jina sarakani. Amri yenyewe yaweza kubaki "badilisha jina", ila fasili iitaje saraka. La pili, ujumbe wa kosa uitaje orodha iliyokataa: "Huna ruhusa ya kuandika katika saraka ya /etc" badala ya "Ruhusa imekataliwa". La tatu, tutumie neno mwenye, ambalo Kiswahili na Kibemba wanalo pamoja, kutofautisha mwenye faili na mwenye saraka, na tofauti hiyo ifundishwe tangu somo la kwanza la ruhusa. Msomaji wa Nchelenge aliyekua akisikia kwamba mwenye watu ni mmoja na mwenye maji ni mwingine hatahitaji maelezo marefu.

7.0 Mipaka ya ulinganisho

Ulinganisho huu una mipaka. Saraka haina wazee wa kukaa na kushauriana, na mtumiaji mkuu hahitaji kumshawishi yeyote. Urithi wa jina Luapula umekuwa na mashindano kati ya koo, na mapokeo yenyewe husimuliwa tofauti kutegemea anayesimulia na haki anayoidai. Aidha, hatudai kwamba waasisi wa Unix walizijua taasisi hizi. Dai letu ni dogo zaidi: jamii ya mwambao wa Mweru na wabunifu wa Unix walikabili swali moja, la namna ya kuufanya uhusiano udumu wakati vitu vinavyohusiana vinabadilika, na wote walilijibu kwa kulitenga jina na kitu.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kazembe alimshinda Nkuba lakini hakulifuta jina lake. Kwamba ramani ya kikoloni iliandika Fort Rosebery, na Mansa ikabaki Mansa kwa wenyeji. Na kwamba mtumiaji wa Linux anaweza kulibadili jina faili asiloruhusiwa kuliandika, akashindwa kubadili jina la faili aliloruhusiwa kuliandika. Katika kila mfano swali la kuuliza ni lilelile: orodha ni ya nani? Istilahi ya Kiswahili itakayomwongoza mtumiaji kuuliza swali hilo kabla ya kutanguliza sudo itakuwa imemlinda yeye na mfumo wake. Dhana inayohitajika ipo tayari katika lugha zetu na katika historia ya watu wetu. Kazi iliyobaki kwa waundaji wa istilahi ni kuiandika katika kamusi.